Bustani ya burudani na mtoto mchanga: siku mbili, vigari viwili

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza tulipokwenda bustani ya burudani na watoto wote wawili, kigari chetu cha mtoto nilikiacha nyumbani nikijua nitakodi kingine langoni. Mdogo alikuwa na miezi 11, dada yake miaka 6. Nilijiambia, ya nini kuhangaika kukunja na kukunjua kigari kwenye buti la gari wakati wenyewe wamevipanga pale mlangoni, safu kwa safu?

Kile nilichopewa kilikuwa cha plastiki ngumu, kipande kimoja, kama beseni lililotiwa magurudumu. Sikipondi moja kwa moja. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4 aliyechoka kutembea ni kizuri: hakipinduki ovyo, unakifuta kwa kitambaa kimoja, na akimwaga juisi humo hakuna wa kuumia roho. Kwa wa miezi 11 ni adhabu. Kiti hakilali. Mkanda ni wa kiunoni tu, na mtoto aliyejifunza kukaa juzijuzi huteleza kidogo kidogo mpaka mkanda wa kiuno unakuwa wa kifua. Nikakunja shuka nikamtilia mgongoni, nikachukua sweta langu nikambana nalo ubavuni, akakaa kama yai kwenye trei.

Ilipofika saa sita mchana akasinzia, shingo ikaanguka mbele, kidevu kikagusa kifua. Hapo raha yangu ikaisha. Mtoto mdogo akilala amekunja shingo namna ile, njia yake ya hewa hubanwa, na si jambo la kusema mwache, ataamka mwenyewe. Nikamtoa nikamlaza begani. Kwa saa moja na nusu nilikuwa na mtoto mkono mmoja, na mkono wa pili ukisukuma kigari nilichokodi kwa ajili yake, abiria wake wakiwa mikoba mitatu na koti.

Jioni likaja la pili. Kigari cha kukodi hakivuki lango. Limeandikwa wazi kwenye stakabadhi; mimi ndiye sikusoma. Kutoka langoni hadi tulipoegesha ni mwendo wa dakika 15, na huo ndio wakati hasa unaohitaji kigari: mdogo amelala fofofo, mkubwa analia miguu inauma, baba yao amebeba kila kilichobaki.

Safari ya pili, miezi mitano baadaye, tulikwenda na chetu, kile chepesi cha kukunja kama mwavuli. Aina hii ina historia ninayoipenda. Aliyeibuni ni Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi ya magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire. Mwaka 1965 akachukua ujuzi ule wa vyuma vinavyojikunja akautia kwenye kigari cha mtoto. Kila nikikikanyaga kikajikunja kwa pigo moja huku mkono mwingine umeshika mtoto, namkumbuka kwa wema.

Chetu kina mambo matatu ambayo sasa ndiyo ninayoangalia kabla ya rangi wala sura. Kiti kinalala. Mkanda unashika mabega, kiuno na katikati ya miguu. Na kivuli chake kinashuka hadi chini, si kile kijipande cha kitambaa kinachofunika paji la uso tu. Kasoro yake ni kapu la chini, dogo la kuchekesha, ndiyo maana watu huishia kutundika mikoba kwenye mipini. Nami nilitundika. Nilipomnyanyua mtoto tu, uzito ukahamia nyuma na kigari kikaenda chali mbele za watu, chupa ya maji ikabingirika hadi kwenye foleni ya watu wengine. Bahati hakuwamo ndani. Tangu hapo mkoba mzito unakaa mgongoni kwangu, na mpini unabeba kofia tu.

Kama unataka kununua kigari kwa ajili ya safari za namna hii, kipime kwanza, hasa kile cha watoto wawili. Bustani kubwa zina masharti. Zile za Disney za Florida na California, tangu tarehe 1 Mei 2019, hazipokei kigari kinachozidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, na vigari vya kukokota kama rukwama haviruhusiwi kabisa. Hata pasipo na sharti lolote, upana utakuadhibu wenyewe kwenye milango ya vyoo na kwenye kona za maduka ya zawadi, ambayo kwa sababu wanayoijua wenyewe hujengwa pale pale unapotokea kwenye mchezo.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni maegesho ya vigari. Michezo mingi hairuhusu kigari kuingia kwenye foleni. Unakiacha nje, sehemu iliyotengwa, unaingia na mtoto mkononi. Foleni ya dakika 40 na mtoto wa kilo 10 mkononi ni safari ndefu. Mbeleko ndiyo iliyoniokoa. Nilimfunga kifuani, mikono ikabaki huru kumshika dada yake, na mtoto akatulia kwa sababu alikuwa anaona nyuso za watu badala ya magoti yao. Mimi ningesema, ukilazimika kuchagua kimoja kati ya mbeleko na kigari kwa mtoto wa chini ya mwaka, usichague. Nenda na vyote viwili.

Sasa unatoka kwenye mchezo, kigari hakipo pale ulipokiacha. Moyo unaruka. Hakijaibwa: wahudumu huvisogeza na kuvipanga upya ili njia isizibe, na chako kinaweza kuwa mita 20 kutoka ulipokiegesha, katikati ya vingine vyeusi vyenye kivuli kijivu kama chako. Mara ya kwanza nilizunguka dakika kumi nikichungulia vigari vya watu mpaka mama mmoja akaniuliza kwa upole kama natafuta mtoto. Baadaye nikafunga utepe wa njano kwenye mpini, mrefu wa kupepea. Kitu kidogo, lakini sikutafuta tena. Na usiache ndani yake simu, pochi wala hati za kusafiria. Acha nepi na shuka, hivyo hakuna anayevitamani.

Joto. Niliona wazazi wengi wamefunika kigari kizima kwa shuka ili mtoto apate giza alale. Nilishawahi kufanya hivyo, nikatia mkono ndani baada ya muda mfupi: hewa imesimama, kichwa cha mtoto kimelowa jasho. Shuka, hata jepesi, huzuia hewa kupita, na mtoto hawezi kukwambia anachemka. Kivuli cha kigari kinachoshuka vizuri, pande mbili zikiwa wazi, kinatosha. Giza si lazima. Wa chini ya miezi sita ndiyo kabisa, kwake dawa ni kivuli na si mafuta ya kuzuia jua.

Usingizi nao una ratiba yake, haujali tiketi. Safari ya kwanza tulitaka kuuahirisha: tumalize mchezo huu, tule, halafu alale. Mtoto aliyepitiliza usingizi wake halali, anapigana. Safari ya pili tulipanga siku kumzunguka yeye. Tulifika mapema lango lilipofunguliwa, tukacheza saa mbili za kwanza foleni zikiwa fupi, na saa tano na nusu nikaanza kutafuta kona tulivu mbali na spika. Spika hizo, jamani. Ziko kwenye miti, kwenye nguzo, ndani ya mawe ya bandia. Uliza kama kuna chumba cha kunyonyesha na kubadilishia nepi. Bustani nyingi kubwa zinacho, na mara nyingi ndiyo sehemu pekee isiyo na muziki. Tulichokipata kilikuwa safi, kina meza ya kubadilishia, kiti cha kunyonyeshea na sinki la maji ya moto. Kingekuwa na kiti kimoja zaidi ningekipa alama zote. Angalia pia saa ya gwaride kwenye ratiba. Mimi sikuangalia, na saa saba kamili ngoma zikapita nyuma ya ukuta tuliouegemea.

Kuhusu maziwa nitasema kwa kifupi. Alipokuwa bado anakunywa ya kopo nilibeba unga umepimwa kwenye vikopo na maji kwenye chupa ya chai, nikachanganya alipohitaji. Yakishachanganywa hayapaswi kukaa zaidi ya saa mbili bila ubaridi, na akishaanza kuyanywa ni saa moja tu, yanayobaki unamwaga. Kwenye foleni na jua, kuchanganya asubuhi chupa nne ni kutafuta ugonjwa.

Je, mdogo anapata nini huko? Zaidi ya nilivyodhani. Bembea ya farasi wa kuzunguka, nikiwa nimesimama kando namshika kiunoni. Treni ndogo. Boti ziendazo polepole. Ila soma ubao kabla ya kuingia: mchezo wa boti tulioupenda sote uliishia kwenye pango la giza lenye taa za kumulikamulika na mlio wa radi, akanikumbatia shingo akawa haniachii hadi tulipokaa kula. Akiwa na miezi 16 pia alikuwa anatembea, na kigari hakukitaka kama kiti. Alitaka kukisukuma. Tenga muda kwa hilo, maana mita 100 zinachukua robo saa, na nyuma yako kuna watu.

Michezo mikubwa ndiyo ilikuwa kiini cha ugomvi wa safari ya kwanza. Rolakosta, ile treni ya kasi ya kupanda na kushuka, aliyoitaka binti yangu ilikuwa na sharti la kimo kisichopungua sentimita 112. Alipimwa, 110. Mhudumu aliinama akamwambia kwa heshima kabisa, lakini sentimita mbili ni sentimita mbili. Sharti lile linahusu jinsi kizuizi cha kiti kinavyomshika mwili, hakuna cha kubembeleza. Alilia hadi kwenye vyoo. Miezi mitano akawa anasimama kwenye mlango wa jikoni kila Jumapili na penseli.

Safari ya pili akafika 112, kisigino chini, mhudumu akiangalia. Basi tukauliza kuhusu kubadilishana zamu. Watu wengi hawajui jambo hili kwa sababu halitangazwi sana: mzazi mmoja anapanga foleni na mkubwa, mwingine anabaki nje na mdogo, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Sehemu nyingi humruhusu mtoto mkubwa kurudia na mzazi wa pili. Uulize mlangoni kabla ya kuanza foleni, si baada ya kutoka, kwa sababu wanakupa karatasi au wanakusajili pale pale.

Akaenda na baba yake. Mimi nikakaa kivulini, mdogo amelala kwenye kigari, kiti kimelazwa, breki imekanyagwa, nikanywa kinywaji changu kikiwa bado baridi, jambo ambalo halikuwa limenitokea kwa muda mrefu. Dakika 45. Wakarudi, zamu yangu ikawa, akapanda tena na mimi na kupiga kelele mwanzo mwisho.

Tuliposhuka alikuwa kimya, uso umempauka kidogo. Akatembea hadi kwenye utepe wa njano, akamtazama mdogo wake aliyekuwa bado amelala, akauliza kama anaweza kukaa naye humo. Nikamwonyesha kibandiko ubavuni: mwisho kilo 15. Yeye ana 19. Akakisoma mara mbili, herufi kwa herufi, kisha akageuka na kumnyooshea baba yake mikono.