Breki za diski kwenye maunteni ya mtumba: pesa yangu iliishia wapi

Kama unawaza kutoa breki za raba uweke za diski, jua mapema kwamba breki yenyewe ndiyo kitu cha bei ndogo. Kalipa ya waya (kibanio kinachoibana diski) pamoja na diski yake ya milimita 160 nilivinunua kwa shilingi 38,000. Jumla iliyonitoka mfukoni ni 167,000, na hapo nimefunga gurudumu la mbele peke yake.

Nakaa Uyole, Mbeya, na njia ninayoipenda ni ya Tukuyu. Anayeijua anaelewa ninachosema: ukitoka Ntokela kushuka Kiwira kuna ukungu, kuna lori la viazi nyuma yako, na kuna mvua. Upande wa Tukuyu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo kukutana na barabara kavu ni bahati. Breki za raba zikiloa, unabana na baiskeli inaendelea na safari yake mpaka raba zifute maji kwenye rimu, halafu zinashika kwa ghafla. Tope nalo lina mchanga, na mchanga ule ukikaa kati ya raba na rimu unasaga rimu kama msasa. Rimu yangu ya mbele ilikuwa imelika ubavuni hadi ukipitisha kidole unasikia shimo. Ilikuwa lazima ibadilishwe hata kama nisingegusa breki, na hilo ndilo lililonifanya nianze kupiga hesabu.

Diski haikai kwenye rimu, inafungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Habu ya kawaida haina mahali pa kuifunga, kwa hiyo unahitaji habu yenye matundu sita ya bolti, maana yake gurudumu lingine. La mtumba, spoki zote nzima, nilipata kwa 45,000. Kalipa nayo inahitaji masikio ya kufungia kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), na foku yangu haikuwa nayo. Foku ya mtumba yenye shoku na masikio nikaipata kwa 65,000 baada ya kubishana sana na muuzaji pale Mwanjelwa. Hapa nenda na futi. Baiskeli nyingi za giya zina shingo ya foku ya inchi 1⅛ isiyo na uzi, lakini zile za zamani zaidi zina ya inchi 1 yenye uzi na nati, na hizo mbili hazibadilishani. Pima pia urefu wa shingo, kwa sababu mtumba mwingi umeshakatwa kufuata fremu ilikotoka. Fupi huwezi kuirefusha.

Waya na kava lake 4,000. Ufundi 10,000. Halafu kuna 5,000 ya spana ya nyota namba T25, ambayo ndiyo inayokaza bolti za diski. Mafundi baiskeli wengi wa huku hawana. Wana spana za L za kila saizi na watajaribu kukukazia kwa mojawapo. Kataa. Kichwa cha bolti kikishazunguka, kukitoa ni kazi ya drili. Nunua yako duka la zana, uende nayo.

Mikono ya breki sikubadilisha, na hapo niliokoa hela. Mikono ya breki za raba za aina ya V huvuta waya mrefu, na kalipa za waya za maunteni zimetengenezwa kwa mvuto huohuo. Ila kuna kalipa za baiskeli za mbio, kwa macho zinafanana kabisa, zinazotaka mvuto mfupi. Ukifunga hiyo na mkono wa V, mkono unakuwa mgumu na breki inashika kwa udhaifu. Muuzaji wa spea anaweza asijue tofauti, kwa hiyo uliza ilitoka kwenye baiskeli gani. Breki za diski za mafuta, zinazosukumwa na mafuta badala ya kuvutwa na waya, sikuzitaka. Zinashika vizuri kuliko za waya, sawa, lakini breki za kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini na nyingi za SRAM hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya gari, na ukiweka ya huyu kwa yule mipira ya ndani inaharibika. Waya ukikatika Kiwira, utapata mwingine Kiwira.

Kwa nini mbele tu? Ukifunga breki uzito mwingi unakuja mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi. Nyuma nimeacha raba zangu. Gurudumu la nyuma lenye habu ya diski niliambiwa 90,000, na fremu yangu haina masikio. Fundi mmoja wa kuchomelea alisema atanibandikia kwa 15,000. Fremu ni ya alumini! Alumini ikipata moto wa kuchomelea inapoteza nguvu pale pale, na pale ndipo breki inapovuta. Nikamshukuru nikaondoka.

Matokeo yake? Mvua inyeshe isinyeshe, kidole kimoja kinatosha. Siku za kwanza ilinishtua kwa udhaifu, na ndivyo zilivyo pedi mpya (vipande ndani ya kalipa vinavyosugua diski): unachapua mwendo, unabana taratibu mpaka karibu usimame, unaachia, unarudia kama mara ishirini. Zikishazoeana na diski utaona tofauti. Ikiloa inalia, kelele ya aibu mbele ya watu, lakini inashika.

Sasa hesabu nyingine ambayo wauza spea hawatakupigia. Baiskeli niliinunua 280,000. Ongeza 167,000, unapata 447,000. Na pale pale Mwanjelwa kulikuwa na maunteni ya mtumba yenye diski mbele na nyuma, bei ya kuanzia 450,000, ya kupunguzwa. Kama bado hujanunua baiskeli, tafuta hiyo. Kama unayo, na fremu na foku tayari vina masikio (nyingi za miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na breki za V lakini masikio yapo), utaokoa ile 65,000 ya foku. Foku yangu ya zamani niliiuza 25,000, kwa hiyo ukitaka niwe mkweli zaidi, andika 142,000.

Angalizo kwa wanaopeleka baiskeli kuoshwa: mafundi wetu wanapenda kusafisha cheni kwa dizeli. Tone moja likirukia diski, pedi zinanyonya na breki imekwisha. Nafunika diski kwa mfuko wa nailoni kabla sijamkabidhi mtu, na naifuta kwa spiriti peke yake. Pedi za kalipa yangu Mbeya hazipatikani kirahisi. Naagiza Dar, zinakuja na basi, na naagiza za chuma kwa sababu zile laini tope la Rungwe linazimaliza upesi.