Banda la mipira ya gari njia ya Fuoni: nyota nne, ya tano naizuia

Nianze kwa kusema hili banda halina jina. Halina bango, halina namba ya simu ukutani, kwenye ramani ya simu utalitafuta mpaka bando liishe. Ukitoka Mwanakwerekwe, hapa Unguja, kamata njia ya Fuoni, tazama mkono wa kushoto, ukiona mipira mitatu ya lori imezikwa nusu mchangani imepakwa rangi nyeupe na mwembe nyuma yake, simama hapo. Watu wanasema "kwa ami" basi. Naandika kwa sababu wiki hii peke yake mashoga zangu wawili wameniuliza mipira nimetia wapi, nkaona bora niandike mara moja kuliko kurikodi voisi noti kila siku.

Gari yangu ni Vitz, lile umbo la pili lililoanza kutoka 2005, na inaitwa Kidawa. Jina sikulitoa mie, wamelitoa wa mtaani kwetu Jang'ombe, maana miezi sita ya mwanzo kila wiki ilikuwa lazima itiwe dawa, leo rejeta kesho beringi, ikawa watoto wakiniona natoka asubuhi wanauliza "Bi Kidawa kaamkaje?" Mwanzo niliudhika, skuizi mwenyewe nikipiga stati naisemesha, Kidawa mama, tufike skuli salama. Nasomesha Tunguu, kwa hiyo hili banda nimelipita kila siku miaka miwili bila ya kuligeuzia hata shingo, kwa vile lilivyo, bati tupu na moshi wa kahawa.

Mipira yangu ya kabla nilinunua duka moja la mjini, silitaji, mtumba wa Japani mipira minne, elfu hamsini kila mmoja. Myeusiii, inang'ara kama viatu vya Idi. Yule kijana akaniapia, dada mipira hii haijawahi kuona shimo. Nikaamini, mie nani wa kubisha. Haikufika miezi mitano, Jumamosi naenda harusini Makunduchi, nimejipamba, hina mkononi, nafika pale msitu wa Jozani kwenye yale matuta waliyowekewa kima punju wavuke salama, nasikia PAA, mpira wa mbele kushoto umekwenda. Alhamdulillahi nilikuwa nimeshapunguza mwendo kwa ajili ya matuta, ingekuwa kule kwenye lami iliyonyooka mngekuwa mnasoma mengine. Walioteremka kwenye daladala ndo walionifungia spea, na spea yenyewe kipara, nimefika harusini bibi harusi keshatolewa.

Jumatatu nikasimama kwa ami, si kwa kuchagua, ni kwa kuwa spea nayo ilikuwa inatoa upepo.

Sasa hapa ndo penye maneno. Ami (mzee wa makamo, kofia ya kiua imelowa mafuta) hakuniuliza nataka mpira gani. Alichuchumaa, akapitisha dole gumba kwenye meno ya mpira wa mbele wa kulia, akanyamaza, halafu akaniuliza:

"Mwanangu, wewe umeshawahi kuona theluji?"

"Sijaiona ami, labda kwenye friza."

"Basi gari yako imevaa viatu vya theluji."

Akanionesha ubavuni pameandikwa STUDLESS, maandishi makubwa tu nimeyaosha kila Ijumaa sijui maana yake. Mipira hio Wajapani wanavaa wakati wa baridi. Meno yake yamechanjwa chanjo nyembamba nyingi kama zimepitishwa wembe, ili yashike kwenye barafu, na mpira wenyewe ni laini makusudi usikakamae kwa baridi. Uje nao huku Unguja, lami ya saa nane mchana, unalika kama raba ya kufutia penseli. Na mvua ikinyesha haushiki kama mpira wa kawaida, ndo nikakumbuka masika yote Kidawa ilikuwa ikiteleza nami namlaumu fundi wa breki, maskini.

Hakuishia hapo. Akachukua kitambaa na petroli kidogo, akavua mpira, akasugua upande wa ndani, wa ndani nakwambieni, sio huu unaoonekana, ikatokea 4711 ndani ya kiduara kirefu kama yai. Akasema mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 47 mwaka 2011! Mpira niliouziwa wa Japani haujaona shimo ni rika moja na wanafunzi wangu. Namba hio mara nyingi huwa upande mmoja tu wa mpira, na mipira yangu yote minne ilifungwa upande huo umeelekea ndani, kama ni bahati mbaya au ni makusudi Mungu ndie anaejua. Ami akaukunja ubavu kwa mikono miwili, zikafunguka nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha mtu asiejua mafuta. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa dukani hautembei, hewa na joto vinaukausha, na ule weusi ulionipendeza ni dawa ya kupaka tu.

Nilikaribia kulia. Si kwa pesa, kwa vile nilivyokuwa napakia watoto wa dada yangu mle ndani.

Kwenye kuchagua, ubora wa banda hili ni kwamba anakukatalia. Nilimuonesha mpira wa mtumba, meno yake mazuri kabisa, akasema huo siuzi, huo unamngoja mwenye gari ya ng'ombe. Alikuwepo kijana na IST anataka mipira mipana ili gari inenepe, ami akamwambia itakusugua kwenye madgadi ukikata kona na mafuta utakula zaidi, kijana akaondoka kanuna, ami hakumuita. Duka gani tena linamwacha mteja aondoke na pesa yake!

Mie akanisomesha ubavu kama alifu na bee. 165/70R14: upana milimita 165, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, ringi inchi 14. Kisha 81S, ile 81 ni uzito, mpira mmoja unabeba kilo 462, na S ni mwendo, mwisho kilomita 180 kwa saa. Nikacheka, 180 uende wapi, kisiwa chenyewe hiki ukizidisha kidogo ushaingia baharini.

Nilikuwa na pesa ya mipira mipya miwili tu. Tukakubaliana miwili mipya kwa 125,000 kila mmoja na miwili mtumba ya 2021 kwa 45,000, jumla 340,000 na kufunga hakuhesabu. Tukagombana lakini. Mie nataka mipya ikae mbele, maana mbele ndo kulikopasuka, yeye anaitia nyuma. Akaniambia mbele kukiteleza kwenye maji utaachia mafuta na usukani unao mkononi, nyuma kukiteleza gari inakuzungusha kama pia. Nikarudi nyumbani nikatafuta mtandaoni nikitumai nimkamate, nikakuta wenye viwanda vya mipira nao wanasema hivohivo. Haya ami, umeshinda.

Upepo hakukisia. Alifungua mlango wa dereva akasoma kile kibandiko cha Kijapani, herufi utadhani sisimizi wamepita lakini namba ni namba, akatia kwa geji. Kama chenu kimeandikwa kPa, kipimo chengine cha upepo, basi 230 ni kama 33 kwa ile geji ya PSI tuliyoizoea. Nikamuuliza habari ya naitrojeni, ile gesi wanayouza mjini utie mpirani badala ya upepo, akasema upepo wa bure huu robo tatu na zaidi ni hiyohiyo naitrojeni. Nati anakaza kwa msalaba, sio kwa mzunguko, na akaniamrisha nirudi baada ya siku tatu azikaze tena. Nilirudi, alizikaza, hakutaka hata mia.

Sasa lawama, maana mtasema nimelipwa.

Mashine ya balansi, ile ya kusawazisha uzito wa mpira ukizunguka, hana. Nimetoka pale nafurahi, nafika 70 usukani unatetemeka kama una homa, ikabidi niende gereji nyengine wakanibandika vile virisasi kwenye ringi na kunipiga alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, elfu thelathini nyengine na nusu siku. Angenambia mapema. Nilipomuuliza akasema "nilijua unajua", jawabu la wanaume hilo.

Kusubiri, masaa mawili na nusu. Umeme ulikatika, kompresa ikazima, jenereta haina petroli, kijana katumwa petroli karudi na petroli na chapati. Pa kukaa ni stuli moja ina msumari, buibui langu limechanika, na barza ya pembeni imejaa wanaume wanacheza bao hata salamu wanaitikia bila ya kunyanyua macho. Kinamama nendeni na kiti chenu, sisemi mzaha.

Risiti hakuna. Anaandika kwenye daftari la skuli kwa kalamu ya wino mwekundu, gari na tarehe, na mimi kaniandika "Kidawa, mwalimu", kwa hiyo rikodi ipo, lakini kama mtu anataka risiti ya kupeleka kazini arudishiwe pesa, hapa sipo pake.

Ijumaa hufunga saa tano na nusu na msimuulize anafungua saa ngapi, swala, chakula, usingizi, labda saa tisa. Mwezi wa Ramadhani ni bora usiku baada ya tarawehe, jua hakuna na ami ana maneno matamu. Pancha ni elfu tano, anaziba kwa ndani, sio ile ya kuchomeka mshipi na kuondoka.

Ni mwezi wa nne huu tangu niitie mipira hii, mvua za masika zimenikuta nayo njia ya Tunguu na Kidawa imeshika lami kama kaa. Nyota nne. Ya tano naizuia, kwa sababu kile kifuniko cha vali cha mpira wa nyuma kulia yule kijana wake amekipoteza mchangani, kaniahidi atakitafuta, na kila nikipita asubuhi namuona kakaa tu chini ya mwembe anakula chapati.