Uzoefu wangu na watafiti vijana waliokuja shuleni kwetu

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike, ila haijapoa. Nafundisha sayansi sekondari moja wilayani Chemba, mkoani Dodoma. Muhula uliopita tuliomba mpango mmoja unaopeleka watafiti vijana mashuleni waeleze wanachochunguza. Wakaja wawili, mada yao sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Nilifurahi mno, maana huku kwetu hayo si ya vitabuni: mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Kijana aliyeanza alizungumza Kiingereza kitupu, majedwali ukutani. Hilo ningemsamehe. Akasimama binti wa kidato cha pili, mtoto ambaye darasani huisikii sauti yake: "Nyumbani karanga nzuri tunauza. Zilizosinyaa mama anazitwanga za kutilia mlenda. Zikichemka sana, sumu inaisha?"

Jamaa akatazama saa. "Hilo halimo kwenye utafiti wangu. Swali lingine."

Hapakuwa na swali lingine. Mtoto amejikaza kusimama mbele ya wageni, akataja wanachokula kwao, halafu anajibiwa hivyo! Binti akalaza kichwa kwenye dawati. Na jibu lenyewe ni fupi: haiishi. Moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu. Dawa ni kuzikausha upesi juu ya turubai, si udongoni, kisha kuzichambua. Zilizosinyaa na zenye ukungu ndizo hasa zinazobeba sumu. Hata kuku usiwape.

Nilikusudia kuandika msiwaite kabisa. Lakini yule dada aliyekuja naye alimfuata binti nje, wakakaa chini ya mbuyu, akamwaga karanga kwenye ungo, wakaanza kuchambua huku wakizungumza Kiswahili. Mara darasa karibu zima limewazunguka, wanabishana ipi itupwe. Sijawahi kuwaona wanafunzi wangu hivyo! Kwa ajili yake nasema waiteni, mumwombe yeye.

Sijui. Tukiwa bado pale mbuyuni, kijana alikuwa garini anapiga honi waondoke, na kila nikiikumbuka honi ile natamani kufuta sifa zote.

Jumatatu binti alinifuata ofisini. Mama yake amekataa kuzitupa. Anasema nzuri zikiliwa ada haipatikani, na mbovu zikitupwa mlenda utaungwa na nini? Swali hilo ndilo nililotaka yule kijana akae alisikie.