Chupa ya kusafishia pua kwa maji ya chumvi, uzoefu wangu

Jamani wenye pua za kuziba usiku hii ni yenu. Mimi nina aleji ya vumbi, mchana niko freshi tu ila nikishalala ndo balaa linaanza, tundu moja linaziba, nikigeuka linahamia la pili, nahema kwa mdomo usiku kucha asubuhi koo limekauka hata sauti haitoki.

Sa hivi natumia ile chupa laini ya kuminya inayokuja na vipakiti vya chumvi, na kwa kweli imeniokoa. Unachemsha maji unayaacha yapoe yawe ya vuguvugu, unatia kipakiti unatikisa. Unainama kwenye sinki, kichwa unakilaza upande kidogo, mdomo wazi unahemea humo humo, chupa unaiweka tundu la juu unaminya taratiiibu, maji yanaingia huku yanatokea kule na yale makamasi mazito ambayo ungepenga mpaka masikio yazibe na yasitoke. Mwanzoni inashtua ila haichomi, kwa sababu chumvi imepimwa iendane na ya mwilini, kama gramu 9 kwa lita. Maji matupu ndo yanachoma.

Na tafadhali sana maji ya bomba moja kwa moja HAPANA. Kuna amiba ambaye ukimnywa hana neno lakini akipandia puani anaweza kufika kwenye ubongo, na huyo anaua. Ni nadra lakini kuchemsha yatokote dakika 1 nzima ni kazi gani?

Kasoro: mdomo wa chupa ni mwembamba, kuikausha ndani shida. Halafu maji mengine yanajificha huko juu, unainama kuokota kitu yanachuruzika, ndo maana mi nafanya kama saa 1 kabla ya kulala, sio nikiwa tayari kitandani.

Pia isitegemewe peke yake. Pua ya usiku sio makamasi tu, mishipa ya damu mle ndani inavimba na ukilala chali bila mwinuko inajaa zaidi, kwa hiyo nyanyua kuanzia mabegani, sio shingo tu ikunjike. Dawa za kupuliza zile za kufungua pua fasta zinafanya kazi kweli, ila ukipitiliza siku 3 hadi 5 pua inaanza kuziba kwa ajili ya dawa yenyewe, hapo unaisaka kila usiku. Za kupaka zenye menthol zinakupa ubaridi tu, unahisi unapumua vizuri lakini njia bado ni ile ile nyembamba.

Siku ambayo matundu yote mawili yamefunga kabisa usilazimishe kuminya, presha inakwenda masikioni. Vuta kwanza mvuke wa bafuni au subiri upande mmoja uachie ndo uminye.