Mabehewa ya Mizigo kwa Kichwa cha Mvuke cha Kizamani: Yapi Ununue Kwanza, Yapi Uyaache

Wauzaji wa treni ndogo za mezani wana tabia ya kuandika "HO/OO" kwenye tangazo kana kwamba ni kitu kimoja, kwa kuwa vyote viwili hupita kwenye reli ya upana wa 16.5 mm. Si kitu kimoja. HO ni skeli ya 1:87 (kitu halisi kimepunguzwa mara 87), OO ya Uingereza ni 1:76. Behewa la HO likifungwa nyuma ya kichwa cha OO cha Tri-ang au Hornby, viwanda vya Uingereza, huwa dogo kwa karibu asilimia 13, na treni nzima inaonekana imeokotezwa. Dawa yake ni kikaratasi. Kata umbo la mtu mwenye kimo cha 20 mm kwa HO, au 23 mm kwa OO, ulisimamishe mlangoni mwa behewa. Mtu wa mita 1.75 aingie bila kuinama na bila kupotelea ndani. Kama unanunua kwa picha, omba picha yenye rula kando ya behewa, upige hesabu mwenyewe.

Kwa aliyepo Dodoma kuna jambo la ziada. Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1910, ina upana wa mita moja. Kwenye 1:87 hiyo ni 11.5 mm, ndiyo maana reli ya HOm, yaani HO ya njia ya mita moja, ni 12 mm. Ile 16.5 mm inawakilisha 1,435 mm, yaani upana wa SGR. Ukijenga stesheni ya zamani ya Dodoma juu ya 16.5 mm, umeweka treni ya mvuke kwenye njia ya SGR. Wengi huishi na kasoro hiyo, na si dhambi. Mwenye kichwa cha LGB, treni kubwa za bustani za 1:22.5, ndiye asiye na wasiwasi, kwa sababu reli yake ya 45 mm ni mita moja karibu kamili.

Kikague kichwa kabla ya kutoa hela

Geuza kichwa chali juu ya taulo. Angalia kwanza kiunganishi. Vya Uingereza kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 huwa na kile cha Tri-ang, kipande kipana chenye ndoano katikati. Vya bara la Ulaya vina pete inayonyanyuka. Vya Marekani vya zamani vina pembe ya plastiki ya X2F, na vipya vina ngumi ya aina ya Kadee. Hakuna kinachoshikana na mwenzake.

Pili, pima ukingo wa gurudumu, ile sehemu inayoshuka ndani ya reli. Vichwa vya zamani vya Lima na Rivarossi vina kingo ndefu zinazogonga vishikio vya mataruma kwenye reli zenye kimo kifupi. Hivyo vinataka reli ya kimo cha 2.54 mm, inayouzwa kwa jina la Code 100. Tatu, kama kichwa ni cha Märklin cha reli tatu, mabehewa yake hayana kihami kati ya magurudumu. Yakiwekwa kwenye reli mbili za umeme wa DC yanapiga shoti papo hapo, hata kama behewa lenyewe halina waya wowote.

1. Mabehewa yaliyotumika, ya kiwanda kilekile na miaka ileile

Haya ndiyo ya kununua kwanza. Skeli inalingana, viunganishi vinashikana bila kukata kitu, na magurudumu yanapita kwenye pointi (sehemu njia moja inapogawanyika kuwa mbili) zilezile ambazo kichwa kinapita. Hata rangi ya plastiki inazeeka kwa namna inayofanana. Anza na mabehewa yaliyofunikwa, kwa kuwa yalikuwa ya kawaida kwenye treni za mizigo enzi za mvuke.

Cha kuogopa ni vyuma vya kumimina vya miaka ya 1930 hadi 1950. Aloi ya zinki iliyochafuka kwa risasi huvimba na kupasuka yenyewe baada ya miaka. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, au fremu iliyopinda katikati, achana nalo: haliungiki kwa gundi yoyote. Muulize muuzaji waziwazi kuhusu nyufa, na umwombe picha ya chini ya behewa. Picha ya ubavu peke yake inaficha mengi.

2. Vifaa vya kujiungia mwenyewe

Kwa anayetaka treni yenye sura ya EAR (East African Railways), shirika lililoendesha njia hii kuanzia 1948 hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, hii ndiyo njia yenye heshima zaidi. Unanunua behewa la vipande, lisilo na rangi, unaliunga, unalipaka na kuliandika mwenyewe ukifuata picha za wakati huo. Unaweza kutoa behewa la ng'ombe lenye kuta za mbao zilizoachana, la mkonge wa Kilosa, au la chumvi ya Uvinza.

Ugumu uko kwenye magurudumu. Ekseli zenye ncha hutofautiana urefu: za Uingereza nyingi ni 26 mm, za Ulaya huanzia karibu 24 mm. Ekseli fupi inacheza na kuangusha behewa kwenye kona, ndefu inabana na kulizuia kama breki. Kipenyo nacho kina wenyewe: 12.6 mm kwa OO, 11 mm kwa HO ya Ulaya, 9.6 mm kwa behewa la Kimarekani la gurudumu la inchi 33. Nafasi kati ya migongo ya magurudumu iwe 14.4 mm. Ikipungua, gurudumu linapanda kwenye pointi. Pima kwa kalipa kila jozi, hata mpya, kisha ulisukume behewa kwenye ubao ulioinuliwa kidogo upande mmoja. Likisita, ekseli moja imebana.

3. Mabehewa mapya ya kiwandani

Ni mazuri kweli. Ngazi, vishikio na maandishi vimechongwa kwa namna ambayo ya zamani hayakuweza kuota. Tatizo ni kwamba yanakiumbua kichwa chako: kichwa chenye mabomba yaliyochorwa tu kinaonekana kama cha watoto kikifuatwa na behewa la namna hiyo. Magurudumu yake membamba pia hudumbukia kwenye mianya mipana ya pointi za zamani. Nunua moja, lijaribu kwenye pointi zako zote, mbele na nyuma, ndipo uagize mengine. Mengi yana kitundu cha NEM, kiwango cha Ulaya cha kupachika viunganishi, hivyo kiunganishi hutolewa na kuwekwa kingine bila kisu.

Hapa ndipo watu hukosea zama. Behewa la Kimarekani la kufunikwa la futi 40, lenye urefu wa 140 mm kwenye HO, likiwa na ubao wa kutembelea juu ya paa, linakaa vizuri na mvuke. Bila ubao huo huenda ni la baada ya 1966, mabehewa mapya yalipoacha kuwekewa. Behewa la Ulaya lenye namba ya tarakimu 12 ni la mfumo ulioanza miaka ya 1960. Kontena kubwa la kisasa lisikaribie kabisa treni ya miaka ya 1950.

4. Fungu la mchanganyiko

Sanduku la mabehewa kumi au zaidi kwa bei ya matatu. Linafaa kama una karakana na subira, kwa sababu utapata magurudumu, viunganishi na bogi za akiba. Asiye na vipuri kabisa aliweke fungu hili nafasi ya tatu. Kumbuka forodha huhesabu thamani ya bidhaa pamoja na usafirishaji na bima, kwa hiyo uzito wa takataka zilizomo unaulipia mara mbili.

5. Ya Märklin ya reli tatu kwa reli mbili, na ya kuchezea yasiyotaja skeli

Ya kwanza yanakubalika ikiwa tu utabadilisha kila ekseli. Ya pili, hata bure, hapana.

Uzito, vumbi na mpangilio

Behewa jepesi hudondoka, hasa likiwa katikati ya treni ndefu. Kanuni ya Wamarekani ya HO ni gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la 140 mm linafika takriban gramu 105. Ongeza nati au vyuma vidogo kwa gundi ndani ya sakafu, katikati ya ekseli, kamwe si juu karibu na paa. Ila kichwa kidogo cha magurudumu sita hakitavuta mabehewa kumi ya uzito huo kwenye mwinuko wa asilimia 3, kwa hiyo kama umejenga mpando wa Saranda kwenda Manyoni, punguza mabehewa kabla ya kulaumu mota.

Vumbi la Dodoma la kiangazi linashika magurudumu ya plastiki kuliko ya chuma. Ukibadilisha kitu kimoja tu, badilisha hayo. Yasafishe kwa spiriti na pamba, na usitie mafuta kwenye ekseli zenye ncha: mafuta na vumbi hugeuka uji mweusi unaorudi kwenye reli na kukata umeme.

Kwa kuanzia, chukua saba: matatu yaliyofunikwa, mawili wazi, moja la tangi, na la gadi mwishoni. Kwenye la wazi weka mchanga wa korongo uliopitishwa kwenye chujio la chai. Kokoto halisi ya 50 mm ni karibu 0.6 mm kwenye HO, kwa hiyo inayobaki juu ya chujio ni mawe makubwa mno. Imwage juu ya kipande cha sponji kilichokatwa kuingia ndani ya behewa, uishike kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na uiache ikauke siku nzima kabla ya kuirudisha njiani.