Santuri tatu za jazi: mdomo wa bata, kinanda na koo la mtu

Habari za saa hizi, karibuni tena mezani kwangu. Leo nimetoa santuri tatu, hizi hapa, na kabla sijazigusa acha nimalizane na mtazamaji mmoja aliyeniandikia video iliyopita. Alisema jazi ni ya Morogoro, hizi za Wamarekani ni muziki wa kusubiria lifti.

Ndugu yangu, nakuelewa kabisa. Sisi neno hilo tumelikuta kwenye majina ya bendi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, na kule Kongo OK Jazz ya Franco. Ukisikia jazz unajua magitaa yanafukuzana na viti vinasogezwa pembeni. Lakini sikia hili. OK Jazz ilianza Juni 1956, Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mwezi huohuo, tarehe 22, kule New Jersey kijana wa miaka 25 anaitwa Sonny Rollins aliingia sebuleni kwa watu na saksafoni yake, akarekodi hii niliyoshika mkononi, Saxophone Colossus. Kinshasa wanaanzisha bendi, New Jersey mtu anapuliza mdomo wa bata, mwezi mmoja. Kwa hiyo usiniambie ni mambo ya lifti.

Nimesema sebuleni, wala sikukosea. Fundi mitambo aliyeirekodi, Rudy Van Gelder, mchana alikuwa mpima macho. Studio yake ilikuwa sebule ya wazazi wake, mji wa Hackensack. Mwaka 1959 akahamia jengo alilojengewa mahsusi, Englewood Cliffs, lenye dari refu la mbao kama la kanisa. Santuri zote tatu za leo amezirekodi yeye: ya saksafoni pale sebuleni, ya kinanda na ya kuimba chini ya lile dari. Ndiyo maana nimezipanga pamoja. Masikio ni ya mtu mmoja, kwa hiyo tofauti utakayoisikia ni ya wapigaji na ya chumba.

Haya, tuanze na Rollins.

Upande wa kwanza, wimbo wa kwanza, St. Thomas. Anaanza Max Roach peke yake kwenye drams, na mapigo yake ni ya kalipso, muziki wa visiwani. Mama yake Rollins asili yake Visiwa vya Virgin, kwa hiyo huu ni muziki wa nyumbani kwao. Mimi niliuweka siku ya arusi ya mdogo wangu, wakati wapiga muziki wamekwenda kula. Shangazi mmoja aliinuka na sahani yake mkononi.

Sasa sikiliza saksafoni inapoachana na wimbo na kuanza kujitafutia. Anachukua noti mbili. Mbili tu! Anazirusha, anazirudisha, anazigeuza kichwa chini, kama mtu anayekutania mlangoni hataki kukuambia alichokuja nacho. Halafu Roach anapiga peke yake, na Rollins akirudi kalipso imeshakwisha, wamehamia kwenye swingi, ule mwendo wa jazi wa kuyumbayumba. Mara ya kwanza nilidhani sindano imeruka.

Nyimbo za katikati nazipita haraka. Ipo ya mapenzi ya polepole, nzuri, ipo ya mbio, ipo Moritat ambayo wengi mnaijua kwa jina la Mack the Knife. Nenda moja kwa moja hadi ya mwisho, Blue 7, dakika kumi na moja na ushee. Inaanza na besi ya Doug Watkins, inatembea peke yake kama mlinzi wa usiku. Rollins anaingia na kijisehemu kidogo cha wimbo, kimekaa upande upande, hujui ni cha furaha au cha huzuni. Dakika zote zinazofuata anakichimba hichohicho. Wapigaji wengi hutupa ufunguo wakishafungua mlango. Huyu anatembea nao mfukoni hadi mwisho. Mwaka 1958 Gunther Schuller, mtunzi na mchambuzi, aliandika makala nzima juu ya wimbo huu akionyesha jinsi Rollins anavyojenga solo yake kutokana na mada yenyewe.

Na kuna jambo ambalo kila nikiiweka santuri hii linanijia. Rollins na Roach walikuwa bendi moja na mpiga tarumbeta Clifford Brown. Siku nne baada ya rekodi hii, tarehe 26 Juni, Brown akafa kwenye ajali ya gari Pennsylvania, pamoja na mpiga piano wao Richie Powell na mke wa Powell. Brown naye alikuwa na miaka 25. Kwenye santuri hii hawajui bado.

Ubora wa sauti: ni mono, yaani spika zote mbili zinatoa kitu kilekile, na usiogope mono. Saksafoni imekaa mbele yako kama mtu mezani. Kasoro ni piano. Van Gelder analalamikiwa miaka yote kwamba piano zake zinasikika kama zimefungiwa kabatini, na hapa Tommy Flanagan, mpigaji mtamu kweli, kafungiwa kweli.

Ngoja ninywe maji.

Ya pili. Tazama jalada kwanza, nalisogeza karibu na kamera. Jamaa amekaa nje ya banda la kuku, ana mbwa, ana jogoo. Back at the Chicken Shack, Jimmy Smith, imerekodiwa Aprili 25, 1960, ikatoka 1963. Mimi jalada hili peke yake lingetosha kunitoa hela. Wenzake walipigwa picha na sigara na makoti, yeye na kuku.

Jimmy Smith anapiga kinanda, na si hiki cha plastiki cha kwenye shughuli. Ni Hammond B-3, sanduku la mbao ambalo ukijumlisha pedali na benchi linakaribia kilo 200. Ndani hamna kompyuta wala hamna upepo. Kuna vigurudumu vya chuma 91 vinavyozunguka karibu na sumaku, kila kimoja na mlio wake. Laurens Hammond aliyeanzisha vinanda hivi miaka ya 1930 alikuwa mtu wa saa za ukutani, na wateja wake wengi walikuwa makanisa yasiyo na uwezo wa kununua kinanda cha mabomba. Sauti inatokea kwenye spika ya Leslie, ambayo ndani yake kuna pembe inayozunguka. Ule mtetemo mnaousikia, uuu-uuu-uuu, ni pembe inakugeukia na kukupa kisogo.

Kwa hiyo aliyekulia kanisani, au aliyekaa nyuma ya ukumbi wa taarabu akisikiliza kinanda kinavyobembeleza kabla mwimbaji hajafungua kinywa, huyu hana haja ya kufundishwa Jimmy Smith. Sikio lake limeshafika. Hapo ndipo ninapobishana na wanaosema jazi ianzwe na nyimbo za kuimba kwa sababu eti zina maneno. Maneno ya Kiingereza cha mapenzi cha zamani? Kwa mtu wa Temeke? Anza na kinanda, bwana.

Sasa tuhesabu wanamuziki. Kenny Burrell, gitaa. Stanley Turrentine, saksafoni ya tena, yaani tenor. Donald Bailey, drams. Smith, kinanda. Wanne. Mpiga besi yuko wapi? Hayupo. Besi ni Smith mwenyewe, mkono wa kushoto na miguu. Mkono wa kulia unaongea, wa kushoto unatembea, mguu unakanyaga pedali. Niliwahi kujaribu kwenye kinanda cha parokia yetu, mkono mmoja mwendo huu, mguu mwendo mwingine. Nilifanikiwa kuanguka kwenye benchi.

Wimbo wa kwanza, wenye jina la santuri, ni bluzi ya mwendo wa mtu aliyeshiba. Hauna haraka hata chembe. Ukiwa na spika nzuri, au visikilizi, sikiliza mwanzo wa kila noti ya kinanda: kuna kijisauti, tk, kama ukucha kwenye meza. Ni umeme unagusa kabla mlio haujafunguka. Waliounda Hammond waliiona ni kasoro. Wapigaji wa jazi wameing'ang'ania, maana ndiyo inayofanya kinanda kigonge kama ngoma.

Na Turrentine! Sauti yake pana, ya kifua, ina mafuta. Rollins anafikiri kwa sauti, huyu anakusimulia habari za mtaani. Upande wa pili kuna Minor Chant, alioutunga mwenyewe, ndio ninaoupenda kuliko yote humu. Nyimbo ni nne tu, na ule wa mwisho, Messy Bessie, unapita dakika kumi na mbili. Nitasema ukweli, dakika mbili tatu zingekatwa nisingelia. Siku hiyohiyo ya Aprili walirekodi pia nyimbo za santuri nyingine, Midnight Special, kwa hiyo ukiipenda hii ujue ana pacha.

Ya tatu, na hapa najua nitatukanwa.

John Coltrane and Johnny Hartman, 1963. Coltrane anapiga saksafoni ya tena, Hartman anaimba, nyuma kuna McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye drams, watu wale wale ambao mwaka uliofuata wangerekodi na Coltrane santuri yake mashuhuri, A Love Supreme. Hapa wametulia kama wageni waliokuja kuposa. Nyimbo sita, dakika thelathini na moja hivi. Bei ileile ya santuri ndefu, dakika thelathini na moja! Na karibu zote mwendo mmoja, wa polepole. Autumn Serenade ndiyo inayotikisa bega kidogo.

Lakini koo la Hartman, jamani. Sauti nzito ya chini, haisukumwi, haijikazi, herufi ya mwisho ya neno anaiweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Nenda kwenye My One and Only Love. Coltrane anaupiga wimbo wote peke yake kwanza, zaidi ya dakika mbili, hadi umesahau kwamba kuna mwimbaji. Ndipo Hartman anaingia, na Coltrane ananyamaza. Yaani saksafoni imeimba, mtu amejibu. Hapa ndipo lile dari refu linapolipa: mwangwi mwembamba nyuma ya sauti, unaisha kabla hujauhakikisha.

Nilikuwa napiga wimbo huohuo wiki jana, umeme ukakata. Spika zangu ziko kwenye betri ya sola, mashine ya santuri sikuichomeka huko. Basi Hartman akaendelea kuimba huku sahani inapungua mwendo, sauti inashuka, inashuka, hadi ikawa kama ya zimwi la hadithini. Mke wangu akauliza kutoka jikoni nani kaingia ndani.

Kuhusu kununua. Matoleo mapya ya zote tatu yanapatikana. Zilizotumika ni bahati nasibu. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea Rollins imepinda kama bati la paa, na hela hakurudisha. Kabla hujalipa, omba video ya sahani ikizunguka, itazame kwa ubavu, sio kwa juu. Ikifika isimamishe wima rafuni, na usiiache kwenye gari, hasa kwa jua la Dar. Huna mashine? Zote ziko mtandaoni, sikiliza huko na dhamiri isikusute.

Mpangilio wangu: Smith ununue kwanza, Rollins afuate mwezi ukiisha vizuri, Hartman umwombe mtu akununulie zawadi.

Sasa nageuza Smith upande wa pili. Minor Chant, kamera naisogeza kwenye sindano. Nyamazeni kidogo. Msimsikilize Turrentine kwanza, najua anavuta. Sikilizeni kule chini, mguu.