Springi fupi kwa gari la zamani: ipi ununue ukiwa Mbeya au Iringa

Kabla hujauliza bei ya springi fupi za kushusha gari, simamisha gari mahali tambarare, upime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne. Corolla 110 yangu nilipoipima, nyuma kushoto palikuwa chini kuliko kulia kwa sentimita mbili. Yaani gari lilishajishusha lenyewe, upande mmoja, bila kuniomba ruhusa.

Hiyo ndiyo hali ya mengi tunayotaka kuyashusha. Corolla 110, Mark II GX100, Altezza: yametoka kiwandani miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Springi zimelala, shokapu zinavuja, bushi, zile raba za kwenye viungo vya chini ya gari, zimechanika. Ukivalisha springi mpya ngumu kwenye shokapu iliyokufa, gari litadunda kama mpira wa watoto. Kwa hiyo pesa ya kwanza ni ya shokapu, na nimepanga machaguo haya kwa kufuata hilo.

Namba moja: springi fupi mpya pamoja na shokapu mpya. Tein na RS-R za Japani, Eibach na H&R za Ujerumani, ndizo zinazotajwa sana. Mpe muuzaji namba ya modeli ya gari kama ilivyo kwenye kibati, AE110 au GX100, usimwambie tu "Corolla" au "Mark II". Chukua zinazoshusha sentimita mbili na nusu hadi tatu, basi. Ukitoka Ipogolo, Iringa, kuja Uyole, Mbeya, unapita Ifunda, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi na Inyala, na matuta na rasta za njiani hazijali umenunua springi ya kampuni gani. Halafu kuna buti. Huku hakuna anayetoka Kyela bila mchele, wala Tukuyu bila mkungu wa ndizi, na shangazi hatakuelewa ukimwambia gunia halipandi kwa sababu umeshusha gari. Tafuta springi ambayo pete zake zimekaribiana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Zile za karibu zinabonyea kwanza na kulainisha safari, mzigo ukizidi zinagusana, zile za mbali zinabeba. Nunua pia stopa, raba inayozuia shokapu isigonge mwisho, na mauntini, kishikio cha juu cha shokapu, vyote vipya. Stopa iliyosagika ikiondoka, chuma kitagonga chuma.

Madukani mjini Mbeya utapata kwa urahisi shokapu za kawaida, springi fupi ni kwa bahati. Wengi wetu tunaagiza Kariakoo, mzigo unapanda basi. Omba picha ya namba iliyoandikwa kwenye springi kabla hujatuma pesa, na hakikisha ni nne: za mbele na za nyuma hazifanani.

Namba mbili: springi za kawaida mpya. Najua, hukuja kusoma hili. Lakini kama gari ndilo linalokwenda shamba na kubeba watu watano, springi mpya za urefu wa kiwanda zitalisimamisha sawa, na shokapu mpya zitaliondolea kuyumba kwenye kona za Kitonga. Nusu ya raha unayoitafuta kwenye kushusha utaipata hapo.

Namba tatu: seti ya mtumba kutoka Japani, springi na shokapu vikiwa vimefungwa pamoja. Bei ni nafuu na fundi hahangaiki. Angalia kama mafuta yamevuja kwenye shafti ya shokapu, kisha uliza imetoka kwenye gari lenye injini gani. Springi ya Mark II yenye injini ya 1JZ ukiiweka kwenye gari lenye injini ya 1G, ambayo ni nyepesi, pua inaweza kusimama juu badala ya kushuka.

Namba nne: koilova, yaani springi na shokapu za kurekebisha urefu. Unazungusha pete iliyoshikilia springi, gari linapanda au linashuka. Ni nzuri kwa anayeishi kando ya lami na anayezisafisha. Tope la masika likikaukia kwenye nyuzi zinazozungukwa na pete hizo, hazizunguki tena, na umebaki na springi ya bei mbaya. Za mtumba mara nyingi zimeshakwama tangu Japani.

Ya mwisho: kukata springi. Nilikatiwa, kwa hiyo nasema kwa machungu. Fundi alitoa pete moja mbele, ikawa rahisi kuliko chakula cha mchana. Springi yenye pete sita zinazofanya kazi ukikata moja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, kwa hiyo gari likashuka na likawa gumu pia. Ncha iliyokatwa haikukaa vizuri kwenye kikombe chake. Kila tukipiga jeki, springi ilikuwa inacheza, na kwenye rasta ilipiga kelele kama debe la mahindi. Wale wanaochoma kwa gesi ndio wabaya kabisa: moto unaua ugumu wa chuma, na springi inaendelea kulala hata baada ya kutoka gereji.

Siku ya kufunga, mkague fundi kabla ya gari. Asiye na kompresa ya springi, kifaa cha kuibana, anayebana kwa waya au kamba, mwage. Springi iliyobanwa ikifyatuka inavunja taya. Nati za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, raba zinajipinda na kuchanika mapema. Endesha siku chache springi zikae, ndipo ufanye alaimenti, kunyoosha magurudumu, vinginevyo tairi zitakwisha upande wa ndani. Taa za mbele nazo zirekebishwe.

Yangu sasa ina springi mpya za sentimita tatu. Nikiwa na watu wanne, ekzosi bado inagusa tuta moja la karibu na nyumbani. Nalipita kwa mshazari.